Linux Iliyofika na Nyimbo za Kwaya

Vijana, mmenichosha kwa swali moja. Nikitoka misa, kuna mmoja ananingojea kwenye ngazi: "Mama Feza, niweke Linux gani?" Nikiwa sokoni nachagua ndagala, mwingine anatokea na kompyuta ndani ya mfuko wa shule, anataka niiangalie pale pale juu ya meza ya samaki. Wiki iliyopita wawili walibishana barazani kwangu mpaka chai ikapoa, huyu akitetea Ubuntu, yule akitetea nyingine ambayo hata jina lake kulitamka ni kazi. Niliwatazama nikacheka. Mashine walizokuwa wakizipigania zilikuwa kuukuu zote mbili, na moja betri yake ilishikiliwa na kamba.

Basi leo najibu mara moja, kwa maandishi. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii, nami niendelee kuchagua samaki wangu kwa amani.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Feza wa Kataki, hapa Kalemie. Nimepumzika sasa, lakini miaka mingi nilikaa kwenye biro, yaani ofisi ndogo ya kuandika na kupiga fotokopi, njia ya kwenda bandarini. Nimeandika barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, matangazo ya msiba, na zaidi ya yote TFC, ile kazi kubwa anayoandika mwanafunzi mwisho wa masomo, ambayo bila hiyo hapati diploma. Mimi si enjinia. Enjinia alikuwa Papa Mukalay, mwenye biro na mwalimu wangu. Mimi nilikuwa na vidole vya haraka na mgongo mvumilivu.

Papa Mukalay alitoka Kabalo, akaanza maisha kwa kutengeneza redio, na kompyuta alizikuta akiwa tayari na mvi. Kabla ya kuigusa mashine aliyoletewa, aliinusa. Kweli, aliinama akainusa kama mtu anayechagua nyama. "Mashini ikiungua, pua njo inajua mbele ya macho," aliniambia. Nilimcheka mwaka mzima. Halafu siku moja nikanusa kitu kibaya kwenye mashine yangu mwenyewe, nikachomoa waya, na ndani tukakuta panya amejenga nyumba juu ya feni. Tangu siku hiyo nanusa mimi pia. Mkiniletea kompyuta mkaona nainama, msidhani nafanya uchawi.

Sasa nije kwenye Linux. Jibu ninalo, lakini nikilitoa bila habari yake mtabishana tena, kwa hiyo vumilieni.

Shida yetu ilianzia kwenye flashi. Kila mteja alikuja na yake, na flashi hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye kila biro ya mji, kila nyumba yenye kompyuta, na kila redio ya bodaboda. Ikija kwetu inakuja na wadudu. Virusi vya siku zile vilikuwa na ujanja mmoja mbaya: unafungua flashi, hati zako huzioni, unaona vijipicha tu vyenye majina yale yale. Ukibonyeza kimoja, mdudu anapanda kwenye mashine, naye atapanda kwenye kila flashi itakayofuata. Papa Mukalay alisafisha. Ukimfukuza mdudu mlangoni, anarudi kwa dirisha. Mashine zetu zikawa nzito, zikawa zinazimika zenyewe katikati ya ukurasa, na wateja wakaanza kusema mjini kwamba kwa Mama Feza ndiko kunakopatikana ugonjwa.

Katika hali hiyo ndipo akaja Bernadeta.

Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, binti wa milima ya Moba, mtaratibu, anayesema mpaka umsogelee ili umsikie. TFC yake ilihusu akina mama wanaojifungulia nyumbani. Alikuwa ametembea vijiji, ameuliza maswali, na kila juma alikuja tukae pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika. Baba yake ni mkulima, na alikuwa amemwambia wazi: mwaka huu ni wa mwisho, wadogo zako nao wanataka kusoma. Kama asingeweka kazi yake mezani kwa siku iliyopangwa na shule, angerudi Moba bila diploma, na hakuna ambaye angemlipia mwaka mwingine.

Jumatatu moja alikuja kuchapisha. Ile mashine iliyokuwa na kazi yake ilikataa kuwaka. Ilifika katikati ikasimama. Tukachukua flashi yake tukaiweka kwenye mashine ya pili. Vijipicha tu.

"Mama Feza," akaniuliza, "kazi yangu iko wapi?"

Papa Mukalay akajaribu mbinu zake zote, akafichua, na kila alichokifichua mdudu alikificha tena mbele ya macho yetu. Nikamuuliza binti kama karatasi alizoandika kwa mkono anazo.

"Nilikuwa ninawashia mbabula," akasema. "Mama, si ulisema iko ndani ya mashini?"

Ni kweli nilisema. Kila mtu alisema hivyo. Karatasi ikishaandikwa kwenye mashine, nyumbani inawasha jiko la mkaa.

Papa Mukalay aliichomoa flashi, akaifunga ndani ya kipande cha gazeti, akaitia mfukoni mwa shati. "Hii haiingie tena ndani ya mashini yoyote ya mujini," akasema. "Kila ikiingia, inaharibika zaidi. Tunangoja Linux."

Hilo jina nilikuwa nimelisikia tu. Akanieleza: ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hauhitaji kununuliwa, na mdudu wetu huyu hajui kutembea ndani yake. Unaweza hata kuuwasha ukiwa kwenye flashi tu, bila kugusa kitu cha ndani ya mashine. Lakini kuuvuta kutoka kwenye intaneti yetu wakati ule ilikuwa kama kujaza pipa kwa kijiko. Kwa bahati alikuwa na shemeji Kigoma, ng'ambo ya ziwa, fundi wa kompyuta mwenye mtandao mzuri. Shemeji akautayarisha kwenye flashi mpya, akampa Papa Donasiani, aliyekuwa huko akinunua bidhaa na alikuwa anarudi na boti ya juma lile.

Papa Donasiani mnamjua wengi wenu, yule mfanyabiashara anayeimba besi kwenye kwaya ya parokia. Hakuna mtu mwema kumzidi katika mji huu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Boti ilifika. Kesho yake asubuhi akaingia bironi na flashi imefungwa ndani ya kitambaa cheupe, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Bernadeta alikuwa amekaa kwenye benchi tangu tulipofungua. Papa Mukalay akaichomeka kwenye mashine, akaiwasha. Mashine ikaitazama flashi, haikuona kitu. Akarudia. Hakuna. Akajaribu mashine ya pili, akafungua kilichomo, na mara biro nzima ikajaa sauti za soprano.

"Papa Donasiani," akasema polepole, "hii flashi uliigusa?"

"Sana! Niliitengeneza."

"Uliitengeneza namna gani?"

"Nilifika kwa nyumba, nikasema niiangalie kama haikuingia maji ndani ya boti. Mashini yangu ikaniambia flashi haijatayarishwa, ikaniuliza kama iitayarishe. Nikasema ndiyo. Kisha nikaona iko ntupu. Sasa, Papa Mukalay, mi nikuletee kintu ntupu? Muntu anatoka Kigoma, analeta kintu ntupu? Nikatia nyimbo za kwaya yetu. Zote!"

Vijana, msimcheke. Mnajua malezi yetu. Jirani akikuletea mboga ndani ya bakuli, bakuli halirudi tupu. Unatia hata limau, hata chumvi ya kuonja. Mama yake alimfundisha hivyo, na mimi wangu alinifundisha hivyo. Kompyuta ya kawaida ikiona flashi yenye Linux haiielewi, inadhani ni flashi mbovu na inajitolea kuisafisha. Donasiani alikubali kwa wema, akajaza kwa adabu. Malezi mazuri yalikuwa yamefuta Linux yetu.

Papa Mukalay alikaa chini. Akavua miwani, akaivaa tena. Mimi kicheko kilinishinda, nikacheka mpaka nikashika meza, na wale masoprano wanaendelea kuimba. Halafu nikamwona Bernadeta. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Papa Donasiani na machozi yanateremka bila sauti, nami nikafunga mdomo, nikaenda kuzima nyimbo.

Boti nyingine isingefika kabla ya siku ya kuweka kazi. Tulikuwa na siku chache tu mkononi.

Papa Donasiani alipoelewa alichokifanya, uso wake ulibadilika. "Kosa ni ya miye," akasema. "Telefone yangu iko na mega. Mutoto huyu hatakosa diploma sababu ya nyimbo zangu. Semeni tu nifanye nini."

Papa Mukalay akampigia shemeji Kigoma, wakazungumza kirefu. Ile Linux kubwa isingewezekana kuvutwa kwa simu. Lakini shemeji akasema kuna ndogo, nyepesi sana, iliyotengenezwa kwa mashine za zamani. Inaitwa Puppy, yaani mtoto wa mbwa.

"Sasa tunaomba mubwa atuokoe?" akauliza Papa Donasiani.

"Mubwa mudogo," akasema Papa Mukalay. "Panda kilima."

Akapanda kilima asubuhi, upande ule ambako mtandao unashika vizuri, na kiti cha kukunja na mwavuli wa mke wake wenye maua. Watu waliopita walidhani anauza mega za intaneti. Alikaa pale huku simu ikivuta kidogo kidogo, ikikatika, ikianza tena pale ilipoishia. Kila aliyempigia alimkaripia asimkatizie mtandao. Jua lilipoanza kuteremka akarudi, upande mmoja wa uso umeiva, ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba mayai.

Tukaihamisha kwenye mashine ya nyumbani kwa Papa Donasiani. Kabla ya kuiandika kwenye flashi, Papa Mukalay akafanya jambo ambalo nawaomba mlishike: akahakikisha kwamba faili limefika zima, kwa kulinganisha ile alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo watengenezaji wanaiweka karibu na faili lao. Shemeji alimsomea kwa simu, herufi moja moja, nami nikafuatilia kwa kidole. Ilikubaliana. Ndipo akaiandika kwenye flashi nyingine, ile ya Kigoma tukaiacha na nyimbo zake, tukarudi bironi.

Mashine ikawaka. Ikatokea picha ambayo sijawahi kuiona, na ikabweka. Nawaapia, ilitoa sauti ya mbwa. Papa Mukalay akatoa flashi ya Bernadeta mfukoni, akalifungua gazeti, akaichomeka.

Vijipicha vilikuwepo, vyote. Lakini pembeni yake palikuwa na folda moja isiyo na jina. Mdudu alikuwa amechukua hati zote akazisukumia humo na kuificha, na Linux, kwa kuwa haijali maagizo yake, ikaionyesha tu. Papa Mukalay akabonyeza. Nikasoma kwa sauti: "TFC Bernadeta mwisho. TFC Bernadeta mwisho kweli. TFC Bernadeta mwisho kabisa."

"Hiyo ya kabisa," akasema Bernadeta.

Ikafunguka. Ukurasa wa kwanza, jina lake, jina la shule, shukrani kwa baba yake. Sura ya kwanza, ya pili, majedwali, yote. Bernadeta aliinamisha kichwa akakilaza mezani kwangu, juu ya vitufe vya klavye, na skrini ikajaa herufi moja mstari baada ya mstari. Hakuna aliyemwinua. Papa Donasiani akaanza kuimba chini chini. Mimi nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtu aliyefuatwa na mamba akakanyaga mchanga.

TFC ikafika shuleni kwa siku yake. Akaitetea mbele ya waalimu, na baba yake akateremka kutoka Moba na kuku wawili, mmoja wa Papa Mukalay, mmoja wangu. Papa Donasiani alipewa maharage.

Hapo ndipo Linux ilipoingia bironi. Na hapo ndipo mwanzo wa jibu langu, kwa sababu ile iliyotuokoa hatukukaa nayo.

Mbwa mdogo alikuwa wa dharura. Hakutambua imprimante, mashine yetu ya kuchapisha, ikabidi tukachapishe TFC ya Bernadeta kwa mshindani wetu wa ng'ambo ya barabara, aliyetupokea kwa tabasamu ambalo mpaka leo sijalisahau. Na kila tulipomzima bila kumwambia ahifadhi, alisahau kila kitu. Nampenda, bado ninaye kwenye flashi ndani ya mkoba wangu, karibu na rozari. Lakini mtu wa zimamoto si mtu wa kuoana naye.

Kwa hiyo Papa Mukalay akaanza kutafuta ya kukaa nayo, na mzee wa watu akashikwa na homa. Nyie pia mnayo homa hiyo. Kila boti ilileta Linux mpya kutoka kwa shemeji. Jumatatu nafika, dirisha la programu liko chini. Jumatatu nyingine liko juu. Jumatatu nyingine halipo, eti unabonyeza mahali na maandishi yanakuja yenyewe.

"Papa Mukalay, leo tena?"

"Hii njo nzuri kupita zote, Mama Feza. Angalia namna dirisha inateleza."

"Mi siandike na dirisha. Naandika na vidole. Imprimante iko wapi?"

Kulikuwa na moja nzuri mno, picha zake zinametameta, sitaitaja jina kwa sababu kosa halikuwa lake. Ilitaka mashine yenye nguvu na intaneti ya kudumu, nasi tuliipa mashine zilizokuja na boti zikiwa mitumba. Ilikuwa kama kumwalika mgeni wa hoteli alale kwenye mkeka halafu kumlaumu kwamba hasinzii. Kulikuwa na nyingine iliyotaka mapya kila siku. Ukikaa bila kuvuta mapya yake, ikianza kuvuta inamaliza mega zote za mwezi. Hizo ni za watu wanaoishi karibu na bomba la intaneti, si za Kalemie.

Tuliharibu pia. Siku moja tuliweka mfumo mpya mara tu umeme uliporudi. Ninyi mnajua umeme ukirudi kwetu unakuja kutusalimia tu. Katikati ya kazi ukaondoka, na betri ya ile mashine ilikuwa ya kupamba. Tukabaki na mashine isiyo na mfumo wa zamani wala mpya. Tangu hapo, kwetu hakuna kuweka mfumo bila betri iliyojaa au sahani za jua zilizokula jua la kutosha.

Siku nyingine Papa Mukalay aliweka neno la siri kabla ya kuchagua klavye. Mashine nyingi za Kigoma zina klavye ya Kiingereza, na sisi vidole vyetu vimelelewa kwenye ya Kifaransa. Aliandika kwa mpangilio mmoja, mashine ikaamka kwa mwingine, na mwenye nyumba akafungiwa nje ya nyumba yake mchana kutwa. Chagueni klavye kwanza, jaribuni herufi chache mkiziona kwa macho, ndipo mwandike neno la siri.

Mwisho wa yote nikagoma. Nilisimama, nikachukua mkoba, nikamwambia: "Papa, TFC za mwaka huu zinakuja. Chagua moja, uiache ikae mupaka mi nizeeke." Akacheka, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia. Nataka iwake kwenye mashine tuliyo nayo, si ile tutakayoipata mbinguni. Nataka imprimante ichape. Nataka programu ya kuandika iwe tayari ndani, ili siku mtandao haupo nifanye kazi. Nataka ikae miaka bila kubadilika sura. Na nataka mteja akikaa mbele yake asiogope.

"Kumbe unajua kuchagua," akasema.

"Nimechaguaka pagne miaka yote," nikamjibu. "Haununue sababu jirani anaimba rangi yake. Unashika kitambaa, unaikunja, unaona kama itakubali maji."

Tukaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, siku nzima, bila kuiweka ndani: sauti, imprimante, simu ikitumika kama modemu, klavye. Vyote vikaitika. Ilikuwa Mint, ile yenye sura nyepesi inayoitwa Xfce. Ikabaki. Wanafunzi wakaleta flashi zao zenye wadudu, sisi tukafungua folda isiyo na jina tukawapa hati zao, na sifa ya biro ikageuka. Masharti yalikuwa mawili, kuhifadhi hati kwa namna ambayo mashine za shule zinaielewa, na ya kuchapisha kuitoa kama PDF ili kurasa zisihame. Mzee mmoja mkali, aliyekuwa anakuja kila juma kuandika malalamiko yake kuhusu mpaka wa shamba, aliitumia miezi bila kujua kwamba tumebadilisha chochote. Siku tulipomwambia alikasirika, akasema tungemwomba ruhusa. Mimi nilienda nyuma ya pazia nikashukuru Mungu.

Sasa mnataka niseme: wekeni Mint. Wengi wenu mtafanya vizuri mkiiweka, na mwenye mashine yenye memori ya kutosha akipenda Ubuntu aichukue, ni ndugu wa damu, na jina lake bibi zetu wanalielewa. Anayetaka kitu kitulivu kabisa na ana subira, kuna Debian, ambayo hizo mbili zimetoka kwake. Lakini hilo silo jibu langu lote. Sehemu iliyobaki niliipata mwezi uliopita.

Bernadeta ni muuguzi huko Kabalo sasa. Alipokwenda kuanza kazi nilimpa flashi yenye Mint, ile ile ya Kigoma aliyoijaza Papa Donasiani, aiweke kwenye kompyuta ya kituo chao. Safari hii tulikuwa tumeshajifunza. Linux inayosafiri haitumwi ikiwa imeandikwa tayari; inatumwa kama faili la kawaida, na anayeipokea ndiye anayeiandika kwenye flashi, ili mwema yeyote njiani asije akaitengeneza. Miaka ikapita, flashi sikuiona tena. Papa Mukalay akahamia Kongolo kwa mtoto wake, analima. Mimi nikapumzika. Na mashine yangu ya nyumbani ikazeeka nami, toleo lake likaisha muda wa kuletewa mapya. Intaneti ya simu yangu mnaijua. Niliketi nayo nikiwa na wasiwasi, nikijiambia ndiyo basi, nitaizima nirudie kalamu.

Mwezi uliopita mama mmoja mchuuzi alishuka kutoka Kabalo akanigongea. Alikuwa na mfuko wa unga, akasema umetoka kwa Mama Bernadeta wa kituo cha afya. Ndani ya unga kulikuwa na kifurushi cha plastiki, na ndani ya plastiki ile flashi. Niliichomeka mkono ukiwa na unga bado. Kulikuwa na toleo jipya la Mint, faili zima, na ile alama ndefu imeandikwa pembeni ili nihakikishe. Na kulikuwa na folda moja. Nikaifungua, biro yangu ndogo ya nyumbani ikajaa masoprano.

Alikuwa amezitunza zote. Nikampigia simu Papa Donasiani, nikaweka simu karibu na mashine bila kusema neno. Akasikiliza mpaka besi yake mwenyewe ilipoingia.

"Munaona?" akasema. "Mulinicheka. Kintu ya muntu hairudie bule."

Nikaiweka Mint mpya siku ile ile, betri ikiwa imejaa, Papa Donasiani akisikiliza nyimbo kwenye simu. Ilipomaliza na kuwaka, imprimante ikaitika, nililia kidogo kama Bernadeta, ila mimi niliweka kichwa mbali na klavye.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kuniuliza niweke Linux gani, niambieni kwanza: nani karibu yenu anaitumia, na siku ikiwagomea mtamgongea nani mlango? Chukueni ya huyo. Kama ni Mint, njooni kwangu. Kama ni nyingine, nendeni kwa mwenye nayo, mkae naye, mjifunze, na siku yake ikifika mumsaidie.

Yule mama mchuuzi anarudi Kabalo kesho, na flashi anaondoka nayo. Nimeiangalia jioni hii: Mint ipo, nyimbo zipo. Lakini hivyo vimetoka kwa Bernadeta mwenyewe, na siwezi kumrudishia bakuli lake likiwa na chakula chake. Ndiyo maana nimekaa nikaandika haya yote, nikayatia ndani.